Pembetatu Ubavuni mwa Tairi

Sijawahi kuendesha gari. Heri niliseme hilo mapema, maana watu niliokuwa nao Guangzhou mwishoni mwa miaka ya tisini walikuja kulijua kwa kuchelewa, na baadhi yao hawakufurahi. Magari nimepanda mengi, nimesukuma kadhaa, na mara moja kwenye mteremko wa Kitonga nilipewa kazi ya kuweka jiwe nyuma ya gurudumu, kazi niliyoifanya vizuri. Usukani sijaushika. Elimu yangu yote ya magari ilitoka kitabuni.

Kitabu chenyewe nilikinunua Morogoro kwa muuza vitabu chakavu karibu na stendi. Kilikuwa mwongozo wa utunzaji wa magari, cha Kiingereza, bila jalada. Nilikisoma kama nilivyosoma vingine vyote nilivyowahi kuviokota: kuanzia sura ya kwanza iliyokuwepo mpaka ya mwisho iliyokuwepo, kamusi pembeni. Shule niliishia darasa la saba. Mtu aliyejisomesha ana shida moja ambayo waliosomeshwa hawana, nayo ni kwamba hakuna aliyemwekea alama ya kosa. Nilivuka miaka arobaini bila kuona kalamu nyekundu tangu utotoni, nikaamini sababu ni kwamba sikosei.

Guangzhou nilikuwa nanunua nguo. Mashati nilichukua Shahe, viatu Zhanxi, na chumba tulipanga Sanyuanli, mimi na mfanyabiashara mmoja wa Dar es Salaam aliyekuwa akinunua redio. Yeye ndiye aliyenibatiza Profesa. Jina lilitokana na tabia yangu ya kusoma kila kitu kilichoandikwa: karatasi ya sabuni, kiberiti, bati la majani ya chai, onyo la ndani ya lifti ambalo lilikuwa la Kichina na sikulielewa, lakini nilisimama mbele yake kwa heshima. Kichina changu kilikuwa cha sokoni. Nilijua laobani, yaani tajiri mwenye duka. Nilijua duoshao, yaani bei gani. Na nilijua bu xing, haiwezekani, ambalo ndilo niliambiwa mara nyingi kuliko mengine.

Ghorofa ya chini yetu alipanga dada mmoja wa Tanga, mnunuzi wa nguo za watoto. Siku moja, Wachina wakiwa wanajiandaa kufunga maduka kwa mwaka wao mpya, alipanda ngazi akagonga mlango, akaingia na kukaa juu ya boksi la redio.

"Kaka, nasikia wewe unasoma tairi."

"Nani kakwambia?"

"Huyu mwenzio. Anasema hata sabuni huiogei mpaka umeimaliza kuisoma."

Mwenzangu alikuwa amelala kifudifudi kitandani. Alicheka bila kuinua kichwa.

Dada hakucheka sana. Mumewe alikuwa na pikapu, akibeba machungwa kutoka Muheza kupeleka Dar. Miezi michache nyuma tairi la mbele lilipasuka gari likiwa na mzigo, likaacha barabara na kuingia korongoni. Mume alitoka na mkono uliovunjika, na kila aliyeliona gari lile alisema ana bahati. Tairi lililopasuka alikuwa amelinunua kama jipya. Lilikuwa linang'aa, kashata zake zimesimama, yaani yale meno ya kukanyagia barabara hayajaguswa. Fundi pancha ndiye aliyekuja kuwaambia kwamba tairi lile lilizeeka likiwa ghalani.

"Kwa hiyo mimi sitaki tairi zuri," alisema. "Zuri alishanunua. Nataka changa. Mkono umeunga, miezi miwili hivi huyo anarudi barabarani, na nikimwambia asubiri hanisikii. Zikifika tairi atafunga hizo. Zisipofika atafunga zozote."

Nilimweleza, na hapa nilikuwa sahihi kabisa, kwamba mpira huzeeka hata usipotembea, na kwamba ubavuni mwa tairi kuna herufi D, O na T, zikifuatiwa na safu ya herufi na tarakimu. Tarakimu tatu za mwisho ndizo zenye siri. Mbili za kwanza ni wiki ya mwaka ambayo tairi lilitengenezwa, na ya mwisho ni mwaka wenyewe.

"Kumbe tairi lina siku ya kuzaliwa!"

"Lina wiki ya kuzaliwa," nilimsahihisha.

Nakumbuka sauti niliyolisemea neno lile. Mwenzangu naye aliikumbuka, na alinirudishia kwa miaka.

Kesho yake tulipanda basi watatu hadi mtaa mmoja wenye maduka ya spea. Nilikuwa na tochi, kitambaa kibichi na kipande cha chaki. Laobani tuliyemchagua alikuwa bwana mnene, kakaa kwenye kigoda kati ya nguzo za matairi, anamenya machungwa madogo na kuweka maganda juu ya hita. Dada alionja moja, akasema kwa Kiswahili kwamba la Muheza lingekuwa limeshamtiririkia mtu mpaka kwenye kiwiko. Laobani akatikisa kichwa kukubali.

Saizi tuliyoitaka alikuwa nayo. Alitutolea manne, nikachuchumaa, nikafuta ubavu kwa kitambaa na kumulika. Tarakimu za mwisho zilisomeka vizuri, na ya mwisho kabisa ilikuwa nane. Tulikuwa tumetoka tu kuingia mwaka wa tisini na tisa, kwa hiyo nane ilikuwa mwaka jana. Nilikuwa nimeshainua chaki niandike SAWA, nikaona kitu ambacho kitabu hakikukisema. Baada ya ile nane kulikuwa na alama ndogo. Pembetatu.

Nililifuta tena. Pembetatu haikutoka. Niliangalia la pili, la tatu, la nne. Yote yalikuwa nayo.

Mtu mwingine angeuliza. Mimi nilifikiri. Niliegemeza mkono kwenye goti na kumgeukia mwenzangu kama mwalimu anayetaka darasa lifike lenyewe kwenye jibu.

"Kwetu, pembetatu ni kitu gani?"

"Ipi?"

"Ya barabarani. Ile nyekundu."

"Ah, ile! Ile ni kitu anachokuuliza trafiki akishaona taa zako zote zinawaka."

"Maana yake?"

"Maana yake utachelewa."

"Maana yake hatari," nilisema. "Unaiweka barabarani gari likiharibika. Anayeiona anajua mbele kuna kitu kibovu. Sasa kiwanda kinapiga pembetatu kwenye tairi kwa sababu gani? Wamelikagua wenyewe, wakakuta lina kasoro, wakalitia alama. Halafu yanauzwa huku."

Dada alivuta pumzi. "Kwa hiyo hizi ni mbovu?"

"Hizi ni mbovu zilizoandikwa kwamba ni mbovu."

Nikamwambia laobani bu xing. Ilikuwa furaha ya pekee, mimi kumwambia Mchina neno hilo. Laobani alishangaa. Aliinuka, akaweka kidole chake juu kabisa ya pembetatu, akainua dole gumba la mkono wa pili, akasema xin de, xin de, yaani mpya, mpya. Nami nikaweka kidole changu juu ya pembetatu ile ile na kutikisa kichwa polepole, kwa huzuni, kama daktari. Alijaribu mara ya tatu. Nikawageukia wenzangu nikasema, "Mnaona anavyong'ang'ania hapo hapo kwenye pembetatu? Anajua."

Mwishowe alinitazama kwa muda, akaingia nyuma ya duka. Tulisikia vitu vikisogezwa. Alirudi akiviringisha matairi mengine manne, kampuni ile ile, saizi ile ile, yamepakwa mafuta mpaka yanatuonyesha nyuso zetu. Nilimulika. Tatu, saba, nane. Baada ya nane hapakuwa na kitu. Wiki ya thelathini na saba, mwaka jana. Ubavu msafi.

"Changa," nilisema, nikaandika SAWA kwa herufi kubwa kwenye kila moja.

Dada alilipigapiga moja kwa kiganja kama mtu anayemcheulisha mtoto. Laobani alitugawia chungwa moja moja, na mimi akanipa mawili. Nilidhani ni heshima.

Matairi tuliyapeleka kwenye ofisi ya kago, Sanyuanli, ambako mizigo yetu sote ilikuwa inasubiri kontena moja. Dada alijaza fulana za watoto ndani ya kila tairi, nafasi isipotee bure. Mimi nilirudi chumbani nikiwa nimetosheka na nafsi yangu kiasi kwamba nilisoma upya sura ya matairi, kwa raha tu, kama mtu anayeangalia picha ya harusi yake.

Siku ya kupakia nilifika asubuhi, nikasimamia marobota yangu mpaka yakaingia yote. Tajiri wa kago, kijana wa Kichina aliyeokota maneno ya Kiswahili kwa wateja, alikuwa amenunua basi dogo jipya. Lilikuwa limeegeshwa mlangoni na utepe mwekundu kwenye kioo cha pembeni, na viti vyake bado vina nailoni. Kila aliyepita aliligusa. Mimi sikuligusa, nilichuchumaa kwenye gurudumu la mbele nisome.

Mwisho wa safu ilikuwa nane. Baada ya nane, pembetatu.

Wazo langu la kwanza, na ninaliandika hapa lilivyokuwa, lilikuwa kumwonea huruma kijana wa watu kwa kuuziwa gari lenye tairi bovu. Nikaenda gurudumu la pili. Pembetatu. La tatu. La nne. Lilibaki la spea, ambalo lilikuwa limefungwa chini ya gari kwa nyuma, kwa hiyo nikalala chali kwenye lami nikajisukuma kwa visigino mpaka nikabaki miguu tu nje.

"Rafiki!" Nikaona viatu vya tajiri. "Rafiki, iba?"

"Siibi. Natafuta pembetatu."

"Nini?"

"Hatari," nikasema, maana ndilo neno la karibu nililofikiri atalijua.

"Hatari?" Akainama. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Gari mpya! Wapi hatari?"

Na la spea lilikuwa nayo.

Nilibaki pale chini. Kulikuwa na njia mbili tu za kulielezea jambo lile. Ama kiwanda kizima cha magari kilikuwa kimechukua gari jipya na kulifunga matairi matano mabovu yaliyoandikwa kwamba ni mabovu, ama mtu aliyelala chini yake alikuwa mpumbavu. Isitoshe, kampuni ya matairi yale ilikuwa ile ile ya matairi ya dada.

Hesabu yenyewe, nilipokubali kuifanya, haikuwa ngumu. Tarakimu moja haiwezi kusema muongo. Nane inaweza kuwa tisini na nane, na inaweza kuwa themanini na nane. Kampuni ilipoingia miaka ya tisini ililazimika kutafuta namna ya kutofautisha, ikaweka pembetatu ndogo mwishoni. Kumbe laobani aliposhika pembetatu na kuinua dole gumba alikuwa ananieleza jambo hilo hilo, kwa lugha rahisi kuliko zote, mara tatu.

Nilikimbia chumbani nikafungua kitabu. Nilikuwa nimekisoma mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema, ila ule ukurasa wa mwanzo wenye maandishi madogo ya mpiga chapa nilikuwa naupita, kwa kuwa hauna somo. Kilichapishwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Niliyekuwa nakagua umri wa kila kitu sikuwahi kukagua umri wa kitabu. Kilikuwa kizee kuliko hata matairi.

Kontena lilikuwa linafungwa mchana ule. Nilishuka ngazi huku natunga hotuba, na mpaka nafika mlangoni kwa dada ilikuwa na utangulizi.

"Dada, katika taaluma ya matairi, hutokea kwamba maarifa mapya..."

Alikuwa anafunga boksi kwa utepe. Aliukata kwa meno. "Zimefanyaje?"

"Nini?"

"Tairi zangu, kaka. Zimefanyaje?"

"Zimezeeka."

"Tangu juzi?"

"Tangu miaka kumi. Zile tulizokataa ndizo zilizokuwa changa. Pembetatu ndiyo alama ya upya. Nilisoma vibaya."

Hakupiga kelele. Aliweka boksi chini, akaukunja utepe uliobaki, akaniuliza kwa sauti ya mtu anayetaka kuhakikisha anwani, "Baba watoto angezifunga hizo?"

"Ndiyo."

"Akapakia machungwa."

"Ndiyo."

"Haya, twende," akasema, akachukua mtandio.

Kwenye kago tuliyakuta matairi yako ndani kabisa ya kontena, na kilichokuwa kimepangwa mbele yake, mpaka juu, kilikuwa marobota yangu ya mashati. Nilikuwa nimesimamia mwenyewe yakazwe vizuri. Tuliyatoa moja baada ya jingine, mimi, mwenzangu na wapakiaji wawili ambao hawakujua kwa nini Profesa anapakua alichokipakia asubuhi. Tajiri wa kago alitazama saa, akaniuliza kama hatari imehamia kwenye nguo.

Tulipolifikia tairi la kwanza, dada alikung'uta fulana, akalikandamiza kwa goti mpaka ubavu ukajikunja. Chini ya mng'aro wa mafuta mpira ulifunguka mistari myembamba, mingi, ikizunguka kufuata rimu itakapokaa.

"Magaga," alisema. "Tairi lina magaga kama kisigino. Ungeniambia tuangalie magaga, kaka, mimi ningekusaidia. Kitabu hakitaji?"

Kilitaja. Sura ile ile, ukurasa uliofuata. Sikupinda tairi hata moja dukani kwa sababu nilishapata tarakimu, na tarakimu ilionekana jambo la kisomi zaidi kuliko kupinda.

Laobani alipotuona tunashuka kwenye gari la kukodi na matairi yake manne, aliacha kumenya. Nilimwonyesha nane isiyo na kitu, nikakunja uso. Akasema bu xing. Nikabinya ubavu kumwonyesha magaga. Akasema bu xing. Kisha akainama, akaweka kidole kwenye maandishi yangu ya chaki, SAWA, ambayo hakuweza kuyasoma lakini alimkumbuka mwandishi wake, akanitazama. Nilichoweza kufanya ni kulipia mwenyewe yale yenye pembetatu, na dada hakunizuia hata kwa adabu. Safari hii tuliyapinda yote manne. Yalikuwa laini, hayakufunguka popote.

Njiani kurudi, matairi manane yakiwa nyuma, mwenzangu alisema, "Hizi kuukuu msizitupe. Zinang'aa hizi. Pelekeni tu, Kariakoo hazimalizi siku mbili."

"Zitafungwa na nani?" dada akauliza.

"Atakayenunua."

"Mume wa nani?"

Mwenzangu akaangalia nje.

Dada alitaka yaharibiwe kabla hayajarudi ndani ya kontena, yasije yakafungwa kwenye gari lolote, na aliona kazi hiyo ni yangu. Tajiri wa kago alileta kisu cha kukatia maboksi. Kitabu hakikusema chochote juu ya kukata ubavu wa tairi, kwa hiyo nilidhani ni rahisi. Ndani yake mna nyuzi. Kisu kiliingia kikakwama, nikavuta, nikakalia, nikapiga goti, nikavua koti ingawa kulikuwa na baridi. Wapakiaji walikaa juu ya marobota yangu kutazama. Tajiri alitoka na kikombe cha chai.

"Rafiki, hatari imekwisha?"

"Bado tatu," mwenzangu akamjibu kwa niaba yangu.

Yaliyokatwa yalipakiwa pamoja na mazima, kwa sababu dada alimjua fundi makatambuga wa Tanga, na ndala za mpira haziulizi wiki ya kuzaliwa. Kontena likafungwa jioni. Mikono yangu ilikuwa myeusi siku kadhaa, na mtaani kwetu habari ilikuwa imeshatangulia: ukinunua shati, umwombe Profesa akuangalizie kama lina pembetatu.

Dada alirudi Guangzhou baada ya miezi michache. Alipanda ngazi, akagonga, akaingia na kukaa juu ya boksi lile lile, akiwa na kifurushi cha gazeti mapajani. Nilimuuliza habari za nyumbani, za watoto, za mvua. Alinijibu zote. Nikashindwa kuvumilia.

"Na baba watoto?"

"Yuko barabarani. Mkono ukipigwa na baridi unamuuma kidogo. Tairi anazisifia, anasema zinakamata barabara hata kwenye mvua. Ila trafiki alimsimamisha Segera, akamwomba pembetatu."

"Alikuwa nayo?"

"Alishuka akamwonyesha ile ya kwenye tairi. Akamwambia hii hapa, na nyingine tatu, zimetoka China, zimechaguliwa na profesa."

"Trafiki akasema nini?"

"Alichuchumaa kuisoma. Siku hiyo aliyechelewa ni trafiki," alisema dada, na mwenzangu akajizungusha kitandani akiuma mto.

Kisha akanipa kifurushi. Ndani mlikuwa na makatambuga, mapya, yameshonwa vizuri. Mkanda wa mguu wa kulia fundi alikuwa ameukata kutoka ubavuni, na kwa namna alivyoupitisha, maandishi yalikuwa juu chini. Niliyageuza nikasoma. Tatu, saba, nane, na baada ya nane hapakuwa na kitu.

"Haya, Profesa," dada akasema. "Ya mwaka gani hayo?"

Nilifungua mdomo. Nikaufunga, nikavua viatu, nikayavaa.